Jaribio la elki

Jaribio la elki ni jaribio la gari linalopima kama gari lililo katika mwendo linaweza kukwepa ghafla kizuizi kilichojitokeza barabarani, kisha kurudi upande wake wa barabara bila kuteleza, kutoka njiani au kupinduka. Lilianzia Uswidi, ambako waandishi wa jarida la magari la Teknikens Värld wamekuwa wakilifanya tangu miaka ya 1970. Kwa Kiswidi huitwa undanmanöver, maana yake kitendo cha kukwepa. Jina la "jaribio la elki" lilienea duniani baada ya tarehe 21 Oktoba 1997, gari jipya la Mercedes-Benz A-Class lilipopinduka mbele ya waandishi hao.

Jaribio hili halina elki ndani yake. Mnyama hutajwa tu kama mfano wa kitu kinachoweza kumtokea dereva pasipo taarifa. Kinachogongwa, kama kikigongwa, ni koni za plastiki.

== Mnyama na barabara ==

Elki, anayeitwa älg kwa Kiswidi, ndiye mnyama mkubwa kuliko wote wa jamii yake ya wanyama wenye pembe za matawi. Anaishi katika misitu ya Uswidi, Norwei, Ufini, Urusi, Kanada na kaskazini mwa Marekani. Dume mzima anaweza kuwa na uzito unaozidi kilo 500, na miguu yake ni mirefu sana. Urefu huo wa miguu ndio hatari yenyewe: gari dogo likimgonga, bampa hupiga miguu, na kiwiliwili chote huanguka juu ya boneti na kuingia kwenye kioo cha mbele, yaani mahali palipo vichwa vya abiria. Mikanda ya usalama haisaidii sana katika ajali ya namna hiyo.

Nchini Uswidi magari hugongana na elki mara maelfu kila mwaka, hasa jioni na alfajiri. Kwa hiyo swali la kukwepa si la nadharia kwa dereva wa huko, naye mnunuzi wa gari ana haki ya kulijua jibu kabla ya kutoa fedha zake.

== Namna linavyofanyika ==

Koni hupangwa kwenye lami kavu na tambarare ili kufanya njia tatu fupi. Gari huingia katika njia ya kwanza, likavuka kwenda kushoto kama linalokwepa kitu, likapita katika njia ya pili, kisha likarudi mara moja kulia katika njia ya tatu. Njia ya pili ni upande wa magari yanayokuja (Waswidi huendesha kulia), kwa hiyo dereva hana ruhusa ya kukaa huko. Gari hurudiwa mara nyingi, kila safari kwa mwendo ulioongezwa kidogo, mpaka liguse koni, liteleze au linyanyue magurudumu. Mwendo wa juu kabisa ambao gari limepita bila kosa ndio huandikwa kuwa matokeo yake. Magari mengi ya kisasa hupita kwa mwendo wa kati ya kilomita 70 na 80 kwa saa.

Waswidi wana desturi moja inayowakera watengenezaji: hulijaza gari abiria na mizigo mpaka lifikie uzito wa mwisho ulioruhusiwa na mtengenezaji mwenyewe. Hoja yao ni kwamba familia inayokwenda likizo haisafiri na gari tupu.

Baada ya tukio la 1997 njia ya jaribio iliwekewa kanuni za kimataifa. Kiwango kinachojulikana kama ISO 3888-2, kilichotolewa mwaka 2002, kinaeleza njia yenye urefu wa mita 61, na upana wa njia ya kwanza na ya pili hutegemea upana wa gari lenyewe. Dereva anapoingia huondoa mguu kwenye pedali ya mafuta, na hashiki breki mpaka mwisho. Kwa mwendo wa kilomita 72 kwa saa gari linakwenda mita 20 kila sekunde. Maana yake usukani unazungushwa kushoto, kulia na tena kushoto ndani ya muda wa sekunde tatu hivi.

Jarida la Kihispania la km77 nalo hufanya jaribio la aina hiyo na kuonyesha picha zake za video. Hata hivyo haifai kulinganisha moja kwa moja namba za jarida moja na za jingine, kwa sababu mzigo, lami, joto la siku na jinsi mwendo unavyopimwa havifanani. Mwanafunzi anayekusanya takwimu za magari asichanganye vyanzo.

== Fizikia ya kupinduka ==

Gari linapopinda, msuguano wa matairi huisukuma sehemu ya chini kuelekea ndani ya kona, lakini uzito wa gari, kwa sababu ya inesha, hutaka kuendelea mbele. Msuguano unafanya kazi chini kwenye lami, ilhali uzito hufanya kazi juu, katika kitovu cha uzito. Umbali huo kati ya juu na chini ndio unaolipa gari nguvu ya kujipindua.

Kuna hesabu rahisi inayotumiwa na mamlaka ya usalama barabarani ya Marekani, NHTSA, katika kupima hatari ya kupinduka. Chukua upana kati ya gurudumu la kushoto na la kulia, gawa kwa mbili, kisha gawa tena kwa kimo cha kitovu cha uzito kutoka ardhini. Tuseme upana huo ni mita 1.5. Gari la chini ambalo kitovu chake kipo mita 0.55 juu ya ardhi litapata 0.75 ÷ 0.55, yaani takriban 1.36. Pikapu yenye upana uleule lakini kitovu chake kipo mita 0.70 itapata 1.07. Kwa kawaida magari madogo ya abiria huwa kati ya 1.3 na 1.5, nayo pikapu, mabasi madogo na magari marefu ya porini huwa kati ya 1.0 na 1.3.

Sasa linganisha namba hiyo na uwezo wa tairi kushika lami. Tairi la kawaida kwenye lami kavu hushika kwa kiasi cha 0.8 hadi 1.0 ya uzito uliolikalia. Gari lenye 1.36 litaanza kuteleza ubavu kabla ya kupinduka, na kuteleza, ingawa kunatisha, kuna nafuu. Gari lenye 1.07 lipo karibu mno na mpaka. Likiinama juu ya springi zake, kitovu cha uzito husogea upande wa nje, na ile akiba ndogo iliyobaki huliwa. Darasani jambo hili huonekana kwa kiberiti kimoja: kisukume kikiwa kimelala, kitateleza juu ya meza, kisimamishe wima, ukisukume vilevile, kitaanguka.

Lililo gumu zaidi katika jaribio la elki ni pindo la pili. Katika pindo la kwanza springi za upande mmoja zimebanwa. Dereva anapogeuza usukani upande wa pili, springi hizo hujifyatua wakati uleule gari linapoanza kuinamia upande mwingine, na nguvu mbili hujumlishwa. Ndiyo maana gari linaweza kupita kona ndefu kwa mwendo mkubwa bila taabu, kisha likashindwa katika kukwepa kwa mwendo mdogo kuliko huo.

== Tukio la Mercedes-Benz A-Class, 1997 ==

A-Class ya kwanza ilikuwa gari lililosubiriwa kwa hamu. Mercedes-Benz, kampuni iliyojulikana kwa magari makubwa ya matajiri na ya viongozi, iliamua kutengeneza gari dogo lenye urefu usiozidi mita 3.6, lililoendeshwa na magurudumu ya mbele. Lilionyeshwa Geneva mwezi Machi 1997 na kuundwa katika kiwanda kipya cha Rastatt, Ujerumani. Wahandisi walibuni sakafu mbili, moja juu ya nyingine. Gari likigongwa kwa mbele, injini iliteremka na kuteleza chini ya miguu ya abiria badala ya kuingia ndani. Lilikuwa wazo zuri la usalama. Lakini sakafu mbili ziliwaweka abiria juu zaidi, na gari likawa fupi, refu kwenda juu na jembamba.

Tarehe 21 Oktoba 1997, siku chache tu baada ya gari kuanza kuuzwa, mwandishi Robert Collin wa Teknikens Värld alilipitisha katika koni. Kwa mwendo wa takriban kilomita 60 kwa saa A-Class ilinyanyua magurudumu na kupinduka. Hakuna aliyekufa. Picha zilisambaa Ulaya nzima katika muda wa siku chache, na magazeti ya Ujerumani yakashika neno Elchtest, ambalo mpaka leo Wajerumani hulitumia kwa maana ya mtihani mgumu unaoonyesha ukweli wa jambo, hata katika siasa na biashara.

Mwanzoni kampuni haikukubali kwamba kuna kasoro katika gari. Lawama zilielekezwa kwanza kwenye ukali wa jaribio, halafu kwenye matairi. Jambo lililoiumiza zaidi pengine lilikuwa kichekesho: waandishi wa Ujerumani walichukua Trabant, kigari cha iliyokuwa Ujerumani ya Mashariki chenye bodi isiyo ya chuma, ambacho utengenezaji wake ulikoma mwaka 1991, wakakipitisha katika jaribio hilohilo. Trabant ikapita. Hesabu ya sehemu iliyotangulia inaeleza sababu: Trabant ilikuwa ya chini, nyepesi, na matairi yake membamba yaliteleza mapema kabla gari halijapata nguvu ya kujipindua. Haikuwa gari bora, ila msomaji wa gazeti hakuhitaji kujua hayo ili acheke.

Mwisho wa mwezi Oktoba kampuni ilitangaza kwamba kila A-Class itapewa matairi ya aina nyingine pamoja na mfumo wa elektroniki wa kudhibiti uthabiti, unaojulikana kwa herufi ESP. Haikutosha. Mnamo tarehe 11 Novemba 1997 ilisimamisha uuzaji kwa majuma 12. Magari takriban 2,600 yaliyokuwa tayari mikononi mwa wateja yaliitwa yarudi. Wahandisi waliishusha bodi karibu zaidi na ardhi, wakakaza springi na vyuma vya kuzuia kuinama, wakaongeza upana kati ya magurudumu ya nyuma na kuweka ESP katika kila gari bila kuongeza bei. Gharama ilikadiriwa kuwa Mark za Kijerumani milioni 300 hivi. Gari lilirudi sokoni Februari 1998, likapita jaribio, na katika tangazo la kampuni mcheza tenisi Boris Becker alizungumzia kujifunza kutokana na makosa.

Wateja walirudi. Hadi ilipopisha toleo la pili mwaka 2004, A-Class ya kwanza ilikuwa imetengenezwa zaidi ya magari milioni moja. Gari dogo jingine la kundi hilo, Smart, ambalo lilikuwa litoke Machi 1998, liliahirishwa hadi Oktoba mwaka huo ili nalo lirekebishwe.

== ESP yawa ya kila mtu ==

Faida kubwa ya kisa hiki haikuwa kwa wanunuzi wa A-Class peke yao. ESP ilikuwa imetengenezwa na kampuni ya Bosch pamoja na Mercedes-Benz, na gari la kwanza kuuzwa nayo lilitoka mwaka 1995. Lilikuwa gari la kifahari la S-Class lenye milango miwili. Mhandisi anayetajwa zaidi katika kazi hiyo ni Anton van Zanten wa Bosch, ambaye mwaka 2016 alipewa tuzo ya wavumbuzi ya Ulaya kwa kazi ya maisha yake.

Mfumo huu una vihisi vinavyosoma mambo matatu: dereva amegeuza usukani kiasi gani, kila gurudumu linazunguka kwa mwendo gani, na gari lenyewe linajizungusha kuelekea wapi. Kama dereva anataka kwenda kushoto na gari haliendi kushoto, au linageuka kupita kiasi, kompyuta hushika breki ya gurudumu moja tu na kupunguza nguvu ya injini. Kushika gurudumu moja hulivuta gari lirudi kwenye njia yake, kama mwenye mkokoteni anavyozuia gurudumu la upande mmoja ili ageuke. Yote hutendeka kabla dereva hajatambua. Binadamu, hata bingwa wa mbio, hana pedali nne za breki.

Kabla ya 1997 kifaa hiki kilikuwa cha matajiri. Gari dogo la familia lilipopewa ESP bila malipo ya ziada, makampuni mengine yalibanwa kueleza kwa nini magari yao hayana. Mwaka 1999 Audi nayo iliyaita magari yake ya TT, baada ya ajali kadhaa za mwendo kasi, na kuyawekea ESP. Marekani iliamuru kwamba magari yote mapya mepesi yawe na mfumo huo kuanzia matoleo ya mwaka 2012. Umoja wa Ulaya uliamuru hivyo kwa miundo mipya kuanzia Novemba 2011 na kwa kila gari jipya kuanzia Novemba 2014.

== Magari mengine yaliyotikiswa ==

Toyota Hilux, pikapu inayojulikana vizuri Afrika Mashariki, ilishindwa katika mikono ya Teknikens Värld mwaka 2007, kisha Hilux ya kizazi kilichofuata ikashindwa tena mwaka 2016. Mara zote mbili ilinyanyua magurudumu ya upande mmoja kwa mwendo wa takriban kilomita 60 kwa saa. Baada ya mara ya pili Toyota ilifanya marekebisho, na gari lililorudiwa lilifanya vizuri zaidi.

Kisa cha Jeep Grand Cherokee mwaka 2012 kinafundisha zaidi kuhusu uhusiano wa mwandishi na kampuni. Gari lilinyanyuka na kubaki juu ya magurudumu mawili. Kampuni ya Chrysler ilijibu kwamba lilikuwa limebebeshwa uzito kupita kiasi, jambo ambalo jarida lilikanusha. Wahandisi wa kampuni walikwenda Uswidi, jaribio likarudiwa mbele yao kwa magari matatu. Safari hii halikunyanyuka, lakini katika safari 11 tairi la mbele la kushoto lilitoka kwenye rimu mara saba.

Kwa upande wa sifa, gari lililoshika rekodi ya jarida hilo kwa miaka mingi halikuwa gari la mbio. Lilikuwa Citroën Xantia Activa ya injini ya V6, iliyopita kwa kilomita 85 kwa saa mwaka 1999. Mitungi ya haidroliki iliizuia bodi isiiname hata kidogo katika kona. Ilizishinda gari za michezo zenye bei mara kadhaa ya bei yake.

== Wahakiki mahakamani ==

Marekani, jarida la Consumer Reports lilikuwa na majaribio yake ya kukwepa kabla dunia haijasikia habari za elki. Shirika linalolitoa lilianzishwa mwaka 1936. Halichukui matangazo ya biashara, na hununua magari yake dukani kama mteja yeyote. Majarida mengi ya magari, kinyume chake, huazima magari kutoka kwa kampuni na kuishi kwa matangazo ya kampuni hizohizo. Tofauti hiyo ni muhimu kwa msomaji anayetaka kujua uzito wa sifa alizozisoma.

Mwaka 1988 jarida hilo liliipa Suzuki Samurai, iliyouzwa kwingineko kwa jina la SJ413, alama ya "haikubaliki" kwa sababu ilielekea kupinduka katika kukwepa. Mauzo yake Marekani yaliporomoka. Suzuki ilifungua kesi mwaka 1996 ikidai kwamba njia ya jaribio ilibadilishwa makusudi hadi gari likashindwa. Kesi ilipanda ngazi za mahakama kwa miaka minane, na ikaisha Julai 2004 kwa maelewano bila upande wowote kulipa fedha. Isuzu nayo ilishtaki kwa ajili ya gari lake la Trooper lililopewa alama hiyohiyo mwaka 1996. Mwaka 2000 jopo la raia waliokaa kama waamuzi liliona kwamba baadhi ya maneno ya jarida hayakuwa ya kweli, lakini halikuipa kampuni fidia.

Dai la Suzuki halikuwa la kipuuzi kabisa. Mtu anayeendesha gari kwa nia ya kulipindua anaweza kufanikiwa kwa magari mengi marefu, na dereva wa jaribio ni binadamu ambaye mikono yake haifanani kila safari. Ndiyo sababu NHTSA, ilipoongeza jaribio la mwendo katika upimaji wake wa kupinduka kuanzia magari ya mwaka 2004, ilimwachia roboti kazi ya kuzungusha usukani. Kanuni za ISO zina nia ileile ya kupunguza ubishi. Teknikens Värld kwa upande wake hurudia jaribio mbele ya wahandisi wa kampuni wanapoomba, na huko ndiko ubishi mwingi umeishia.

Wakati mwingine kampuni haikubishana. Mwezi Aprili 2010 Consumer Reports liliwaambia wasomaji wasinunue Lexus GX 460, gari ambalo kwa muundo ni ndugu wa Land Cruiser Prado. Hili halikuwa jaribio la koni: dereva aliingia kona kwa kasi, akaachia mafuta, na sehemu ya nyuma ikateleza mpaka gari likakaribia kukaa ubavu kabla mfumo wa uthabiti haujalishika. Toyota ilisimamisha mauzo upesi, ikabadilisha programu ya kompyuta, na mwezi uliofuata jarida likaondoa onyo lake.

== Afrika Mashariki ==

Huku hakuna elki, lakini wanyama barabarani wapo. Barabara kuu ya kutoka Dar es Salaam kwenda Zambia hukatiza Hifadhi ya Taifa ya Mikumi kwa kilomita 50 hivi, na nyati, twiga na swala huivuka mchana na usiku. Ndani ya hifadhi mwendo wa magari umewekewa mpaka, na ukiangalia hesabu za hapo juu utaona kwamba mpaka huo haukutolewa hewani. Barabara ya Nairobi hadi Mombasa nayo hupita katika nchi ya Tsavo. Nje ya hifadhi, ng'ombe, punda na mwendesha bodaboda asiye na taa hufanya kazi ya elki.

Magari mengi ya huku huingizwa yakiwa yametumika, hasa kutoka Japani, na Kenya hairuhusu yaliyozidi umri wa miaka minane. Tangazo la muuzaji hutaja rangi, redio na kilomita zilizotembewa, lakini mara chache hutaja mfumo wa uthabiti. Mnunuzi anaweza kuutafuta mwenyewe, ila majina hubadilika kwa kampuni: Toyota huuita VSC, Nissan VDC, Honda VSA, Mitsubishi ASC, BMW DSC. Katika dashibodi alama yake ni kigari chenye mistari ya kujipinda nyuma yake. Ufunguo unapowashwa taa hiyo huwaka na kuzimika baada ya muda mfupi. Isipowaka kabisa, huenda gari halina mfumo au mtu ameitoa balbu. Isipozimika, mfumo ni mbovu.

Mfumo huo hauwezi kushinda fizikia. Magunia juu ya keria hupandisha kitovu cha uzito, na Land Cruiser iliyoongezewa springi ili iwe ndefu si gari lile lililopimwa na kiwanda. Matairi yaliyoisha au yenye upepo pungufu yanaweza kutoka kwenye rimu kama ilivyoonekana kwa Jeep.

Mafundisho ya udereva katika nchi nyingi yanasema kwamba mnyama akijitokeza ni heri kukanyaga breki kwa nguvu na kubaki katika njia yako kuliko kuukata usukani, kwa sababu kukwepa kumewapeleka wengi uso kwa uso na lori au mtaroni. Waswidi hufanya tofauti kwa elki, kutokana na vile anavyoangukia kioo. Dereva wa huko hufundishwa kufunga breki na, kama ni lazima kukwepa, kulenga nyuma ya mnyama, maana elki kwa kawaida huendelea mbele.

== Isichanganywe na ==

Kuna jaribio jingine la Uswidi ambalo kweli hugonga elki, lakini wa bandia. Mhandisi Magnus Gens alitengeneza mwanasesere wa elki kwa vipande vya mpira, ili watengenezaji wa magari wagongeshe gari na kuona jinsi paa na kioo cha mbele vinavyostahimili. Kwa kazi hiyo alipewa mwaka 2022 tuzo ya Ig Nobel, ambayo hutolewa kwa utafiti unaochekesha kwanza na kufikirisha baadaye.